Kasi kushuka pekee si ushahidi kwamba umebanwa

Ndugu, umeuliza kama mtoa huduma ya intaneti anaweza kukubana, yaani kukupunguzia kasi makusudi, ilhali umelipia kifurushi kinachoitwa "bila kikomo", kwa kuwa kasi yako huanguka kila ikifika tarehe 20 na kupona mwezi mpya ukianza. Anaweza, na mimi yalinikuta, ingawa kwa namna nyingine.

Nilikuwa nikihamisha nakala za mafaili yangu kila usiku kwa BitTorrent, mfumo wa kupeana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta, kutoka kompyuta ya nyumbani hadi nyingine ya mbali. Uhamishaji ulianza vizuri, kisha baada ya dakika chache mstari wa kasi kwenye skrini uliporomoka hadi karibu sifuri, huku video zikiendelea bila kukwama na kila kipimo cha kasi kikinipa namba zilezile za mkataba. Hapo ndipo niliposhuku, maana msongamano wa kawaida haubagui. Nilipowasha VPN, ambayo humficha mtoa huduma aina ya data inayopita, kazi ileile ilikwenda hadi mwisho. Lakini kwa kuwa VPN hubadilisha pia njia ya data, nilijaribu kupeleka faili lilelile kwenye kompyuta ileile kwa HTTPS, njia ya kawaida ya tovuti, bila VPN, nalo likapita. Nilirudia hivyo siku nne, nikiandika saa na kasi.

Mhudumu wa simu aliniambia nizime ruta kisha niiwashe (nadhani jibu hilo wamebandikiwa ukutani). Jedwali langu la siku nne ndilo lililoleta jibu la maana: nilielekezwa kwenye kifungu cha "usimamizi wa mtandao", ambacho nilikuwa nimekisaini bila kukisoma.

Mbinu hiyo si ngeni. Mwaka 2007 ilibainika kwamba Comcast ya Marekani ilikuwa ikipenyeza pakiti (vipande vya data) bandia katika mawasiliano ya BitTorrent, kiasi kwamba kila upande ulidhani mwenzake ndiye aliyekata. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliamuru jambo hilo likome mwaka 2008, lakini mwaka 2010 mahakama ya rufaa iliitengua amri hiyo kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka hayo.

Si kila kizuizi kina hila. Watoa huduma wengi hufunga poti ya 25, mlango unaotumika kutuma barua pepe, ili kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka, na hilo sina ugomvi nalo. Vilevile, ruta ikionyesha anwani ya nje iliyo kati ya 100.64 na 100.127, ujue unachangia anwani moja na wateja wengine kutokana na uhaba wa anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ndiyo maana ukiweka seva nyumbani haifikiki kutoka nje.

Sasa, tatizo lako hufuata tarehe, wala halichagui programu. Tafuta katika mkataba kifungu cha "matumizi ya haki" na kiasi cha gigabaiti kilichotajwa humo, ambacho ukikipita kasi hupunguzwa, kisha ulinganishe na hesabu ya data kwenye ruta yako ilivyo siku kasi inaposhuka. Usinunue VPN kwa ajili ya hilo, kwa sababu gigabaiti zinazopita ndani yake huhesabiwa vilevile.