Kamera ya mamilioni kwenye harusi zetu: ninachoisifia na kinachonichosha

Wiki iliyopita binti mmoja anayeanza kazi ya kupiga picha za harusi aliniuliza, "Dada, kamera kama yako na mimi niinunue?" Nilimjibu haraka haraka, na tangu siku ile moyo haujatulia. Pesa aliyonayo ni ya upatu, zamu yake imefika, na haitorudi tena mpaka mwakani. Anastahiki jibu lililokamilika.

Kamera yenyewe ni ya daraja la juu katika zile zisizo na kioo ndani, tunazoziita mirolesi. Za zamani zina kioo kinachonyanyuka kila unapopiga. Hizi hazina, unachungulia skrini ndogo inayokuonesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Yangu ina megapikseli 45, yaani nukta milioni 45 kwa kila picha, na kihisi mwanga, kile kipande kinachopokea picha ndani, ni cha ukubwa unaoitwa fremu kamili, milimita 36 kwa 24. Aina hii ikiwa mpya huuzwa maelfu ya dola bila lenzi, yaani mamilioni ya shilingi.

Ninachoipendea kwanza ni ukimya wake. Mimi napiga upande wa wanawake. Mwaka jana nilikuwa Wete, Pemba, chumbani kwa biharusi, udi unafuka, walii wake akaja kuchukua idhini ya kumuozesha. Akauliza mara ya kwanza, biharusi kimya. Vidole vyake vilivyochorwa piko vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la ushungi, shangazi yake kamshika bega. Nilipiga picha kumi na moja pale, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Kwa kamera yangu ya mwanzo nisingethubutu. Mlio wake ungeukata ule wakati katikati. Na kamera yenyewe hulitafuta jicho na kuling'ang'ania, mara nyingi hata nyuma ya shela. Kwa picha zile, pesa yangu siijutii.

Lakini ukimya huohuo ulinitia aibu ukumbini. Ukipiga kimya kimya, kihisi mwanga husomwa mstari kwa mstari, hakisomwi chote kwa pamoja. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara mbili kwa kila wimbi, mara 100 kwa sekunde, bila jicho kuona. Kamera inaona. Nilirudi nyumbani na picha za biharusi akiingia, uso wake una michirizi ya giza kama kivuli cha ukuti. Picha zile hazikutengenezeka. Siku hizi nikiingia ukumbini tu narudisha shata ya kawaida, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi, acha ilie, muziki unaifunika. Kisha naweka kasi ya sehemu 1 ya 100 ya sekunde, ilingane na mwako wa taa, na kasi nyengine naijaribu kwanza kwenye pambo kabla wageni hawajaja. Zipo kamera zinazosoma haraka zaidi na tatizo likapungua sana, ila bei yake inapanda tena.

Betri: hesabu picha 300 hadi 400, basi. Mimi natembea na nne. Mafaili nayo ni mazito, moja linafika megabaiti 50, kwa hiyo harusi ya picha 2,000 inakula gigabaiti 100. Anayenunua kamera bila kuhesabu kadi za kuhifadhia picha, diski na kompyuta yenye nguvu amenunua nusu.

Halafu bahari. Ukivua lenzi, kihisi mwanga kiko wazi, hakuna kioo cha kukikinga, na upepo wa kusi pale Paje hauna huruma. Sibadilishi lenzi ufukweni kabisa. Nikirudi naifuta kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Masika naihifadhi kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukitoka kwenye ukumbi wa kiyoyozi iache ndani ya mkoba nusu saa, la sivyo lenzi itatota umande.

Jengine ni la amana, na hili nalishikilia kuliko yote. Kamera hizi zinaweza kutuma picha zenyewe kwenye simu, na simu nyengine nazo hupandisha picha mtandaoni bila kukuuliza. Wanawake wanavua mabuibui mbele yetu kwa sababu wametuamini. Zima hiyo huduma kabla hujaingia. Mimi natumia kadi mbili ndani ya kamera, moja ni akiba endapo nyengine itakufa, na mwenye harusi akishapokea zake nazifuta zote mbili mbele yake.

Sasa jibu, mdogo wangu. Usinunue kama yangu mwaka huu. Nikon na Canon walitoa mirolesi zao za mwanzo za fremu kamili mwaka 2018, Sony mwaka 2013, kwa hiyo kuna zilizotumika, nzuri tu, kwa sehemu ndogo ya bei. Chukua iliyotumika, lakini ya toleo lililofuata, lenye nafasi ya kadi mbili, na pesa inayobaki itie kwenye lenzi inayopokea mwanga mwingi, maana vyumba vyetu vina giza. Kamera utabadilisha, lenzi utakaa nayo.

Kabla ya kununua, njoo ushike yangu. Lete kadi yako, tupige pamoja barazani magharibi inapokaribia, kisha picha uende ukaziangalie nyumbani kwenye kompyuta yako, taratibu.