Usiandike "Chanzo: Google"

Kazi yangu ni kuandaa semina za walimu, kwa hiyo slaidi za wenzangu nyingi hupitia kwangu kabla hazijafika ukumbini. Ninachokirudisha kwa mwenyewe mara nyingi kuliko kitu kingine chochote ni maneno mawili chini ya picha: "Chanzo: Google". Wengine huandika "Picha: Mtandao". Aliyeandika ana nia njema kabisa. Anajua picha si yake na anataka watu wajue hivyo. Lakini Google ni njia tu uliyopitia kuipata. Picha ile ilipigwa na mtu, ikawekwa kwenye tovuti fulani, kwa masharti fulani, na hayo matatu ndiyo anayoyahitaji mtu akitaka kuitumia baada yako.

Zaidi ya haki ya mpigapicha, kuna faida yako mwenyewe. Iliwahi kuletwa mada ya uvuvi yenye slaidi iliyoandikwa "Wavuvi wa Ziwa Victoria". Picha nzuri: tanga limejaa upepo, maji ya kijani, wanaume wawili chomboni. Tatizo ni kwamba chombo chenyewe kilikuwa ngalawa, ile yenye mbao za pembeni kila upande za kukizuia kisipinduke. Ngalawa ni chombo cha bahari, cha watu wa Unguja, Pemba na Bagamoyo. Na washiriki wa semina hiyo walikuwa walimu wa Mwanza na Musoma, watu ambao mitumbwi ya ziwani wameiona tangu utotoni. Tuliitafuta picha ile kwa Google Lens, zana inayotafuta mtandaoni picha inayofanana na uliyonayo, mpaka tukafika kwenye ukurasa ilikoanzia. Jina la mpigapicha lilikuwepo, leseni ilikuwepo, na maelezo yalisema wazi kwamba imepigwa Zanzibar. Mwandaaji angefika pale mapema asingebandika kichwa kile.

Ndiyo maana nasema kutafuta chanzo ni sehemu ya kuhakiki mada. Bofya picha, ingia kwenye ukurasa wenyewe, soma maelezo. Ukikuta ni blogu iliyoichukua kwingine, au Pinterest, ambako watu hubandika picha za wengine, endelea kurudi nyuma. TinEye, tovuti ya kutafuta picha kwa kutumia picha, inaweza kukupangia matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Usipofika kwa mwenyewe, iache. Nyingine ipo.

Sasa jambo ambalo watu hulichanganya sana. Kutaja jina na kupata ruhusa ni vitu viwili. Picha ambayo haki zake zote zimehifadhiwa haigeuki kuwa halali kwa sababu umeandika jina la mwenyewe chini yake. Na picha yenye leseni huria, yaani ruhusa iliyotolewa mapema kwa yeyote, inaweza kukulazimisha utaje jina ingawa ruhusa umeshapewa. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu baadhi ya matumizi ya kufundishia bila kuomba, lakini inataka chanzo na mtunzi vitajwe. Kwa hiyo mwalimu anayesema "mimi nafundisha tu, sifanyi biashara" hajaepuka kutaja jina.

Leseni utakazokutana nazo zaidi ni za Creative Commons (CC), ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. Herufi zake si ngumu. BY maana yake mtaje mwenye kazi. SA maana yake ukiibadilisha picha, toleo lako nalo ulitoe kwa leseni hiyohiyo. NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo kama semina yako watu wanalipia kiingilio, tafuta picha nyingine usianze kubishana na nafsi. ND inakataza kusambaza picha iliyobadilishwa, na hapo wengi hupitiwa: wanakata ukingo, wanaondoa rangi, wanaandika juu yake, kisha faili linatumwa kwa watu. Ukiona ND, iweke kama ilivyo. CC0 ina maana mwenyewe ameachia haki zake na hata jina halazimishi. Mimi hulitaja vilevile, kwa sababu atakayeiona kwenye slaidi zangu naye atataka kujua ilikotoka.

Maelezo kamili yana mambo manne: jina la picha kama lipo, aliyepiga, ilipo, na leseni. Chukua ile picha maarufu ya dunia nzima inayoonesha Afrika yetu na Bara Arabu, ambayo walimu wa jiografia wanaipenda. Chini yake andika: "The Blue Marble. Picha: wanaanga wa Apollo 17 / NASA, 7 Desemba 1972. Miliki ya umma", yaani hakimiliki haiizuii. Kwa picha ya Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha huria, baada ya jina la mpigapicha andika "Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0", na kama umeikata ongeza "imekatwa". Jina la leseni liunganishe na ukurasa wa leseni, na neno Wikimedia Commons uliunganishe na ukurasa wa picha yenyewe, siyo ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Mstari mmoja unatosha. Fonti ya 10 au 12, kwenye kona ya chini ya picha, rangi inayosomeka.

Mahali pa kuuweka mstari huo nalishikilia sana: uwe kwenye slaidi ileile yenye picha. Najua wapo wanaopenda slaidi ya mwisho iliyojaa viungo vya picha zote. Kwenye vyuo inakubalika, na leseni za Creative Commons zenyewe zinaruhusu utaje kwa namna inayofaa mazingira. Lakini fikiria kinachotokea kwetu semina ikiisha. Mtu anakuja na flashi: "Mwalimu, naomba slaidi." Jioni PDF iko kwenye kundi la WhatsApp. Kesho mwingine amepiga skrinishoti slaidi ya tisa peke yake na kuipeleka shuleni kwake. Ile orodha ya mwisho haikusafiri nayo. Mstari ulio pembeni ya picha umesafiri.

Na uuandike palepale unapoiweka picha. Ukisema utarudi mwishoni, mwishoni utakuwa na faili ishirini zinazoitwa "images (7)" na hukumbuki hata moja imetoka wapi. Bandika kiungo kwenye sehemu ya maelezo chini ya slaidi kabla hujagusa kitu kingine.

Picha za kwetu zipo, tena nzuri. Wikimedia Commons ina picha za shindano la Wiki Loves Africa lililoanza mwaka 2014. Mwaka 2017 mada yake ilikuwa watu kazini, na humo kuna mafundi, wakulima na wafanyabiashara wa kweli wa Afrika, tofauti na wale watu wenye suti wanaoshikana mikono mbele ya ukuta mweupe. Kwa walimu wa historia, Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa Matson wenye picha za Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika zilizopigwa mwaka 1936. Tovuti za picha za bure za Unsplash, Pexels na Pixabay hazilazimishi kutaja jina, lakini soma masharti yao ya sasa, maana yamewahi kubadilika. Na picha yenye nembo ya wakala wa kuuza picha iliyopigwa katikati haijalipiwa. Kuifuta nembo hiyo kwa programu ni kuficha wizi, sina neno laini zaidi la kuliita jambo hilo.

Ramani nazo husahaulika. Ukitumia ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wengi wa kujitolea, andika "© wachangiaji wa OpenStreetMap". Wachangiaji hao wamo vijana wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam waliopita mitaani kupitia mradi wa Ramani Huria, wakichora mifereji na nyumba kwenye maeneo yanayofurika. Ukichukua skrinishoti ya Google Maps, usikate yale maandishi madogo ya chini; ndiyo utambulisho wao.

Picha ya mchoro ina watu wawili. Ukiweka mchoro wa mtindo wa Tingatinga kwenye slaidi, kuna aliyechora na kuna aliyeipiga picha, na mara nyingi anatajwa wa pili tu. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini mtindo huo umeendelea kwa mikono ya wachoraji wengi, wengine wako hai leo na kazi zao wameziwekea saini kwenye kona. Kabla hujaandika "mchoro wa Tingatinga", soma saini.

Hata picha ya habari iliyozoeleka ina mwenyewe. Mohamed Amin, mpigapicha wa habari aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alipoteza mkono wake kwenye mlipuko Addis Ababa mwaka 1991 akiwa kazini, kisha akarudi kwenye kamera. Mwalimu anayefundisha njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 kwa picha zake ana dakika moja ya kulitamka jina hilo darasani, na wanafunzi watakuwa wamejifunza kitu.

Picha iliyotengenezwa na akili mnemba iandikwe hivyo, na isitumike kuonesha mahali halisi au tukio lililotokea.

Ukipiga mwenyewe, ambalo ndilo napenda zaidi, hakimiliki ni yako lakini sura ni ya mwenye sura. Sema wazi kabla ya kupiga: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini, nitaionesha kwenye semina ya walimu na huenda ikasambaa kwenye simu." Hilo la kusambaa usilifiche. Akisita, piga mikono yake na kazi yake. Kwa wagonjwa na watoto, ruhusa iwe ya maandishi, kwa mtoto isainiwe na mzazi au mlezi.

Na kama picha unayoitaka haina leseni huria, mwandikie mwenyewe. Wapigapicha wengi wa hapa wako Instagram na wanajibu. Ujumbe wangu huwa hivi: "Habari, ndugu. Naandaa semina ya walimu wa sekondari, haina kiingilio. Naomba kutumia picha yako hii (kiungo) kwenye slaidi moja, na PDF itagawiwa kwa washiriki. Ungependa jina lako liandikweje?" Wengine hutaja bei, nami hulipa au huachana nayo. Wanaokubali, jibu lao nalihifadhi kwenye folda moja na slaidi, likiwa na tarehe.