Dakika sita za mswaki: nilivyoiharibu filamu yangu ya kwanza

Mwaka juzi mi na washkaji watatu tulishuti filamu fupi hapa Uyole, Mbeya, stori ya kijana muuza viazi anayelanguliwa na dalali kwa lumbesa, yani gunia linalojazwa kupita kipimo. Dakika 25, simu ya kuazima, tukaipeleka kwenye kibanda umiza kimoja Mwanjelwa, mwenye banda akatupa nafasi kabla ya mechi. Dakika ya sita nusu ya watu wako nje wanakula mahindi ya kuchoma.

Dakika zote hizo kijana anaamka, anapiga mswaki, anafunga mlango, anapanda boda, anashuka, analipa, anasubiri chenji. Mi najua ndo uhalisia! Mama mmoja muuza viazi akanigeukia, "Mwanangu, kwani huyu anatafuta nini?" Nikakosa jibu, na filamu nimeandika mwenyewe.

Kwahiyo kabla hujashika kamera hakikisha unaweza kumjibu yule mama kwa sentensi moja. Ya kwetu ikaja kuwa: anataka laki mbili za ada ya chuo ya mdogo wake kabla ya Ijumaa, na mnunuzi ni dalali mmoja tu. Hiyo "kabla ya Ijumaa" ilitusaidia kuliko vyote, maana hata kijana akikaa kimya mtazamaji anajua siku zinakatika.

Watakwambia filamu ina sehemu tatu na ya kwanza ni kama robo. Sawa, kwa filamu ya saa moja na nusu au mbili. Kwa filamu fupi robo nzima ya utangulizi ni anasa, ingia tatizo likiwa limeshaanza. Sisi tukaanzia kwenye gunia: limeshajaa, linashonewa kilemba juu, dalali anamwambia mbebaji "ongeza". Basi, mswaki kwaheri. Zikabaki dakika 11.

Kingine ni machozi. Muigizaji wetu tulimpaka kitunguu macho yakawa mekundu kama ana ugonjwa, aibu tupu. Miaka ya 1920 kule Urusi kuna jamaa muongozaji filamu, Lev Kuleshov, alichukua sura ileile ya muigizaji akaiunganisha na sahani ya supu, afu na jeneza, na inasimuliwa watu waliona njaa, wakaona na huzuni, wakati sura haijabadilika hata kidogo. Nikatupa kitunguu, nikatafuta kipande ambacho kijana anashangaa tu akisubiri tumwambie aanze, nikakiweka baada ya daftari la madeni. Banda zima kimya, mmoja akasema "dah, masikini". Yule kijana siku hiyo alikua anawaza chipsi!

Mara ya pili mama alikaa mpaka mwisho, akamtukana dalali kwa sauti kabisa. Ila akaniambia vile viazi sio vya Uyole, vile ni vya Isongole.