Mashua kuukuu: kagua mkuku kabla ya kuuliza bei

Mashua ya futi 28 iliyopandishwa pwani ikisubiri mnunuzi huvutia sana, maana bei yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuunda mpya. Lakini bei hiyo haikuambii kitu. Mbao za ubavuni hubadilishwa moja moja, tanga hushonwa jipya, foromali, yaani mti unaobeba tanga, hukatwa nyingine. Lakini mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima kama uti wa mgongo, ukioza, umenunua kuni. Kwa hiyo ukaguzi uanzie chini, na tanga ulitazame mwisho, hata kama muuzaji ndilo analolikunjua kwanza.

Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, siku mbili hivi baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Pwani ya Tanga, Unguja na Mombasa, bamvua hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ukapata mwanga mzuri na chombo kikavu kwa muda wa kutosha. Beba kisu chembamba chenye ncha, nyundo ndogo, uzi wa fundi, tochi na chaki.

Omba chombo kiinuliwe juu ya magogo, kisha vuta uzi chini ya mkuku kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kwa mashua ya futi 28, mkuku ukiachana na uzi katikati kwa inchi 1, huo ni umri tu. Ukiachana kwa inchi 3, mgongo umevunjika: misumari imelegea kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, na chombo kikipanda wimbi kila ubao unacheza. Ukiziba leo, wiki ijayo kinavuja pengine. Hapo usinunue.

Halafu chukua kisu. Chomeka pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, na kwenye kila taruma kwa ndani. Mti mzima hukataa ncha. Mti mbovu huipokea bila sauti. Gonga na nyundo pia: pazima hulia, pabovu hunyamaza. Tia chaki kila pabovu, kisha hesabu. Mashua ya kipimo hiki ina mataruma kama 25. Manne au matano mabovu ni kazi ya kawaida. Yakizidi theluthi, fundi atakuwa anaunda chombo kipya ndani ya kile cha zamani, na hiyo ndiyo kazi ghali kuliko zote.

Wengi hutafuta ubovu chini peke yake, kumbe maji ya chumvi hayaozeshi mbao kama maji ya mvua. Ubovu hukaa juu pia: ndani ya tezi, kwenye kitako cha mlingoti, chini ya sitaha ndogo ya omo, popote mvua inapotuama. Mashua iliyolala nchi kavu masika mawili bila kuezekwa makuti huwa mbaya kuliko iliyokuwa ikivua kila siku. Chini ya maji adui ni mdudu anayetoboa mbao. Tundu lake kwa nje ni dogo kama la sindano, ndani ameacha njia inayopitisha kidole. Ukiona matundu hayo, kwangua rangi kiasi cha kiganja, chomeka kisu kwa nguvu. Uliza pia mara ya mwisho chombo kilichomwa chini kwa moto wa makuti kuua wadudu na kupakwa shahamu (mafuta ya wanyama) lini. Mwenye kukitunza hujibu papo hapo.

Omba ruhusa ya kung'oa msumari mmoja chini ya mstari wa maji. Usidanganywe na kichwa chake. Msumari huliwa katikati, pale ubao unapokutana na taruma, kwa sababu maji hukaa kwenye kiungo. Kichwa kinaweza kuwa kizima na shingo imebaki nyembamba kama kijiti cha kibiriti. Mbao iliyouzunguka ikiwa nyeusi na laini, ujue mingine iko hivyo hivyo. Na ukikuta misumari ya shaba imechanganywa na ya chuma, chuma ndicho kitakacholiwa haraka.

Saruji au lami iliyojazwa kwenye viungo ni dalili mbaya. Saruji hufungia maji ndani na kuozesha ubao kwa nyuma. Kiungo kinatakiwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikapigwa kwa patasi ya kalafati, yaani ya kuziba viungo. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi hiyo, piga hesabu: mbao 12 kila upande ni viungo kama 24, mara futi 28, ni futi 672, zaidi ya mita 200. Kubadilisha ubao mmoja wa futi 12 wenye mataruma kila futi 1, misumari miwili kila taruma, ni misumari 24. Orodhesha hivyo, kila kitu kwa idadi na kilo, pamoja na siku za fundi, ndipo urudi kwenye bei. Mlete fundi wako. Asiwe ndugu wala mshirika wa muuzaji.

Kabla ya kulipa, kishuliwe. Chombo kikavu kitavuja siku mbili tatu mpaka mbao zifure. Huo si ubovu. Siku ya nne, jioni fua maji yote kikiwa kinaelea, na asubuhi fua yaliyoingia usiku ukihesabu ndoo za lita 20. Ndoo moja au mbili, sawa. Zikifika kumi, rudi na tochi, utafute yanakoingilia.

Usisahau umiliki. Mashua nyingi ni za ubia au za urithi, na anayeuza ni mmoja tu. Wabia na warithi wote watie saini mbele ya mjumbe au BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pwani. Jina na namba ubavuni zilingane na cheti: TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na Kenya ni Kenya Maritime Authority.