Maharage kuivia kwenye kapu la matambara

Ukiuliza kama maharage yanaiva kwenye kapu lililojazwa matambara ya kutunza joto: yanaiva, mkaa kidogo tu. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, chemsha kwa nguvu angalau dakika 10, ndipo ufunike sufuria na kuizika kapuni. Hizo dakika usizibane hata kama mkaa umepanda bei: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, na joto la kapu peke yake haliivunji vizuri. Kwetu tunayaacha saa sita hivi, halafu tunayarudisha jikoni kidogo wakati wa kuunga. Sufuria iwe imejaa. Chakula kidogo hupoa haraka. Maharage ya msimu uliopita lakini ni wabishi, hayo kapu huwa linashindwa.