Kupanua rimu za gari ya spoti ili ivae tairi pana

Kaka umeuliza kama rimu zako orijino za upana wa inchi 7 zinaweza kupanuliwa zivae tairi ya 255/40R17 (yani upana milimita 255, ya rimu ya kipenyo cha inchi 17). Inawezekana, ila hiyo tairi inataka rimu ya upana kuanzia inchi 8.5, kwa hiyo hapo unaongeza inchi 1.5 yani kama milimita 38, sio kidogo. Kwanza cheki rimu ni chuma au aloi. Chuma inakatwa, inaongezwa mkanda wa chuma na kuchomelewa mzunguko mzima, na fundi mzuri haachi hata tundu la sindano maana upepo utatoka. Aloi mi nakuomba uiache kabisa, joto la kuchomelea linaua ule ugumu iliyopewa kiwandani, alafu ikipasuka ni kwenye kona upo spidi, bora ununue nyingine pana.

Afu mkanda ukiwekwa ndani wote, ofseti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari) inapanda milimita 19, tairi inasogea kwenye shokomzoba, ukiwekwa nje inakula madigadi. Sasa kabla hujakata piga jeki, kata usukani mpaka mwisho kote kote, ingiza vidole kati ya tairi na shokomzoba uone nafasi iliyobaki, pima na rula uandike