Faili Hii Ni ya Lugha Gani? Maswali Yenu na Majibu

Flashi ya mteja iliharibika. Faili nimeziokoa, lakini zote zina majina kama FILE0003.CHK. Nitajuaje zipi ni za programu? – Fundi, Kondele, Kisumu

Achana na jina, soma baiti za mwanzo. Kwenye Linux andika `xxd -l 16 FILE0003.CHK`, amri inayoonyesha baiti 16 za kwanza kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16). Ukikuta CA FE BA BE, karibu kila mara hiyo ni faili ya .class ya Java. 7F 45 4C 46 ni programu ya Linux, 4D 5A ni ya Windows, 1B 4C 75 61 ni Lua iliyokompailiwa.

Inayosumbua mafundi zaidi ni 50 4B 03 04. Hiyo ni ZIP, na .jar (kifurushi cha Java), .apk (programu ya Android) na hata barua ya Word zote ni ZIP. Orodhesha yaliyomo kwa `unzip -l`. Ukiona classes.dex, ni ya Android, word/document.xml ni Word, META-INF/MANIFEST.MF bila hizo mbili, yaelekea ni JAR. Baiti zisipofanana na chochote, huenda umeshika kipande cha katikati. Alama hizi hukaa kichwani mwa faili tu.

Nimepewa faili ya .class na mwenzangu, Java yangu inaikataa: UnsupportedClassVersionError. – Mwanafunzi, Njoro, Nakuru

Tazama baiti ya 7 na ya 8. Kwa namba za kawaida, 00 34 ni 52, 00 3D ni 61. Toa 44 upate toleo la Java: 8 na 17. Mwenzako akompaili upya kwa `javac --release 8`, au wewe uweke Java mpya zaidi. Kubadilisha baiti hizo kwa mkono ni hatari, usijaribu.

Kwa nini amri ya `file` inaniambia msimbo wangu wa Python ni maandishi tu? – Kakamega

Kwa sababu ni maandishi kweli. Msimbo chanzo hauna alama maalumu, isipokuwa skripti inayoanza na #! (23 21) au PHP inayofunguliwa kwa `<?php`. Kwingine ni kukisia kwa maneno: `def` na nukta pacha mwishoni mwa mstari (Python), `#include` (C au C++), `package main` (Go). Usiamue kwa neno moja, maana laweza kuwa ndani ya maelezo. Faili ya .h ikiwa na `template` na `namespace` pamoja, yaelekea ni C++, si C.

Skripti niliyoandika kwenye Windows inagoma kwenye seva ya Linux, inataja python3^M. – Bungoma

Windows humaliza mstari kwa 0D 0A. Linux hutumia 0A pekee, kwa hiyo ile 0D inahesabiwa kuwa sehemu ya jina la programu. Iondoe: `sed -i 's/\r$//' skripti.py`. Kisha kagua kichwa. Kukiwa na EF BB BF (alama ya UTF-8 iitwayo BOM), #! haiko tena mwanzoni na Linux haitaitambua. Hifadhi upya kama UTF-8 bila BOM.

Faili ya .ts ni TypeScript au video? – Kisumu

Kwa kawaida video ya .ts huanza na 47, na 47 hiyo hurudi kila baada ya baiti 188. Hakiki kwa `xxd -s 188 -l 1 faili.ts`: ikitoa 47 tena, yaelekea ni video.